Leslie Peltier: Mkulima aliyezivizia nyota kwa miaka 62

Ziko nyota angani ambazo kwa wiki nzima huwa hafifu mno, hata ukiwa na darubini unazitafuta kwa shida. Halafu ghafla, ndani ya siku moja au mbili, zinaripuka. Nyota iliyokuwa haionekani vizuri inang'ara mara 40 ya vile ilivyokuwa jana yake. Inakaa hivyo siku kadhaa, kisha inarudi kwenye unyonge wake wa zamani. Haitoi taarifa na wala haina ratiba. Anayetaka kuuona mripuko huo hana budi awe macho usiku ule ule unapotokea.

Wanafalaki wanaziita nova kibete. Na katika karne iliyopita, mmoja wa watu waliozivizia nyota hizi na jamaa zake kwa uaminifu mkubwa kabisa hakuwa profesa, na sekondari yenyewe hakuimaliza. Alikuwa mtoto wa shamba.

Jina lake Leslie Peltier. Alizaliwa tarehe 2 Januari 1900 kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Delphos, jimbo la Ohio, Marekani, na akafariki hapo hapo Delphos tarehe 10 Mei 1980. Kati ya tarehe hizo mbili aliandika makadirio zaidi ya 132,000 ya mwanga wa nyota na akagundua nyota za mkia 12. Tangu Machi 1918 mpaka anakufa, hakuna mwezi hata mmoja aliokosa kupeleka ripoti yake. Hebu fikirini: miaka 62, mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyemlipa mshahara kwa kazi hiyo.

Stroberi 900

Alipokuwa na umri wa kama miaka mitano, Leslie alichungulia dirisha la jikoni kwao usiku akaona kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana. Akamuuliza mama yake. Mama akamwambia jina lake, Dada Saba. Sisi wa mwambao kikundi hicho tunakiita Kilimia, kwa vile kiliwaonesha wakulima majira ya kulima, na kwa Kiarabu ni Thuraya. Mtoto akaridhika na jibu, na mambo yakaishia hapo kwa miaka kumi.

Usiku mmoja wa Mei 1915, akiwa na miaka 15, alikuwa nje akatazama juu, akajiuliza swali jepesi: mimi nimeishi chini ya nyota hizi maisha yangu yote, imekuwaje sijui hata jina la moja? Kesho yake akaanza kutafuta kitabu. Maktaba ya mji ikamwazima kitabu cha Martha Evans Martin kinachofundisha nyota kwa watu wa kawaida, na nyota ya kwanza aliyoijua kwa jina ni Vega.

Hapa msomaji wetu anaweza kutabasamu kidogo, maana jina hilo ni la nyumbani. Vega limetokana na neno la mwisho la an-nasr al-waqi, yaani tai anayeshuka. Majina mengi ya nyota aliyojifunza yule kijana wa Ohio yalikuwa Kiarabu kilichopindishwa na ndimi za Wazungu: Deneb ni dhanabu, yaani mkia, Algol ni ra's al-ghul, kichwa cha zimwi. Abd al-Rahman al-Sufi aliziandika na kuzichora nyota hizo katika karne ya 10, na manahodha wa majahazi yetu walizitegemea miaka mingi kuvuka baina ya Ghuba na Afrika Mashariki. Peltier alizijua upya peke yake, akiwa na kitabu cha kuazima mkononi.

Akataka darubini. Darubini aliyoipenda ilikuwa na lenzi ya inchi 2 na bei yake ni dola 18. Kwa mtoto wa shamba wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi. Basi akaingia kuchuma stroberi kwa malipo ya senti 2 kwa kila kikopo cha kama lita moja. Piga hesabu mwenyewe: alichuma vikopo 900, akiinama juani, mpaka dola 18 zikatimia. Darubini ilipofika, aliiweka kwenye malisho ya ng'ombe, na malisho yale ndiyo yakawa kituo chake cha kwanza cha falaki.

Kazi ya kuvizia

Watu wengi wakinunua darubini hutazama mwezi, pete za Zohali, halafu baada ya miezi miwili darubini inakuwa pambo la ukumbini. Peltier alitaka kazi. Akasikia kuna jumuiya ya Wamarekani wanaotazama nyota zinazobadilika mwanga, kwa ufupi AAVSO, iliyoanzishwa mwaka 1911. Ilikuwa inafanya kazi bega kwa bega na kituo cha falaki cha Harvard, na ilikuwa inataka watu wa kujitolea. Akaandika barua, akatumiwa ramani. Tarehe 1 Machi 1918 akaandika kadirio lake la kwanza, la nyota R Leonis iliyomo katika burji ya Asadi.

Kazi yenyewe ni hii. Unaitafuta nyota yako kwenye darubini kwa kufuata ramani. Pembeni yake ramani inakuonesha nyota nyingine ambazo mwanga wake haubadiliki na umeshapimwa. Unalinganisha: je, nyota yangu inang'ara kuliko hii, au imepungua kuliko ile? Kama iko kati ya mbili, unakadiria iko karibu na ipi. Unaandika namba, tarehe na saa, kisha unahamia nyota nyingine. Ikiwa nyota ni hafifu kiasi kwamba huioni kabisa, unaandika pia kwamba hukuiona, na unataja nyota hafifu kuliko zote uliyoweza kuiona. Kutokuona nako ni habari.

Inaonekana kazi nyepesi, sivyo? Ugumu wake ni kwamba haiishi. Tuchukue mfano wa SS Cygni, nova kibete mashuhuri kuliko zote na mmoja wa wateja wa kudumu wa watu kama Peltier. Iko katika kundi la Bata Maji, upande wa nyota Deneb. Iligunduliwa mwaka 1896 na Louisa Wells, mmoja wa wanawake waliokuwa wakichunguza picha za anga pale Harvard. Ikiwa imetulia, mwanga wake ni wa daraja la 12. Katika hesabu za wanafalaki namba ikizidi mwanga hupungua, na jicho tupu huishia daraja la 6. Ikiripuka hupanda mpaka daraja la 8, hata kiona-mbali cha kawaida kinaweza kuinasa.

Inaripuka baada ya muda gani? Wastani ni siku 50, lakini wastani huo haukusaidii kitu. Pengine wiki nne tu, pengine zaidi ya miezi miwili. Mripuko mmoja unakwisha baada ya siku chache, mwingine unakokota wiki mbili. Mwenzake, U Geminorum wa burji ya Jauza, aliyegunduliwa na John Russell Hind huko London mwaka 1855, hukaa kimya kiasi cha siku 100. Anayetazama mara moja kwa wiki atakosa mwanzo wa mripuko. Na ukikosa, umekosa. Hakuna marudio, wala hakuna wa kumuuliza isipokuwa mtu mwingine aliyekuwa nje usiku huo.

Ndiyo maana Harvard, pamoja na maprofesa wake na darubini zake kubwa, ilimhitaji mkulima wa Delphos. Darubini kubwa hugombaniwa. Kila mtaalamu ana zamu yake. Hakuna chuo kinachoweza kumweka profesa kila usiku atazame nyota zile zile kuona kama zimebadilika. Lakini mtu mwenye darubini ndogo uani kwake, na mwenye moyo, anaweza.

Darubini za kuazimwa

Ripoti za kijana huyu zilikuwa nyingi na safi, na wakubwa wakaanza kumwangalia. AAVSO ikamwazima darubini ya inchi 4. Baadaye kidogo Henry Norris Russell, mwanafalaki mkubwa wa Chuo Kikuu cha Princeton, akamwazima ya inchi 6, iliyotengenezwa mahsusi kwa kusaka nyota za mkia. Sasa kwa kila usiku alikuwa na kazi mbili: kukagua nyota zake, na kufagia anga polepole kutafuta mgeni. Tarehe 13 Novemba 1925 akampata wa kwanza. Nyota ya mkia aliyoigundua mwaka 1936 iling'ara mpaka watu wakaiona kwa macho matupu.

Mchana alifanya kazi kama watu wengine. Alilima, kisha kwa miaka mingi akawa mchoraji wa miundo katika kiwanda cha mji wake kilichotengeneza fanicha na vitu vya watoto. Alioa, akapata watoto wawili wa kiume. Usiku ukiwa safi alikuwa nje, na baridi ya Ohio wakati wa kipusa si mchezo, maji yanaganda ndani ya ndoo.

Mwaka 1937 akabuni kibanda ambacho mpaka leo watazamaji wa nyota wanakizungumzia. Kibanda kizima kinazunguka, na yeye na darubini yake wamo ndani. Alikaa kwenye kiti, akashika usukani wa gari, na kwa kuuzungusha akaigeuza darubini upande autakao bila kunyanyuka na bila kupigwa na upepo. Kilifanana na bembea za watoto zinazozunguka kwenye viwanja vya sikukuu. Asiyekijua angecheka. Lakini mtu anayekusudia kukaa nje maelfu ya masiku ana haki ya kujitafutia kiti kizuri.

Usiku aliorudi kulala

Kuna usiku mmoja katika maisha ya Peltier ambao yeye mwenyewe aliuandika bila kujificha, na ndio unaoonesha jinsi kazi hii ilivyo kali.

Katika anga ya kaskazini liko duara dogo la nyota lenye pengo upande mmoja. Waarabu wa zamani waliliita al-Fakka, kitu kilichovunjika, na watu wa kawaida wakaliita bakuli la masikini, kwa sababu ya lile pengo. Karibu na duara hilo ipo nyota iitwayo T Coronae Borealis. Hii si nova kibete, ni binamu yake mkubwa: mripuko wake ni mzito zaidi na huja mara moja kwa miongo mingi. Ilionekana ikiripuka mwaka 1866, ikang'ara kwa jicho tupu, kisha ikazama ikawa hafifu.

Peltier aliianza kuivizia mwaka 1920. Kila usiku al-Fakka ilipokuwa juu, aliigeuzia darubini. Imelala. Mwaka ukapita, na mwingine, akaoa, akalea, vita vikaja vikaisha. Miaka 25 na zaidi nyota ile haikumpa chochote, na yeye hakuiacha.

Usiku mmoja wa Februari 1946 alitega saa imwamshe saa nane na nusu za usiku. Alipoamka akatazama nje, anga safi kabisa, nyota zinametameta. Lakini koo lilikuwa linamkereketa, akahisi mafua yanamnyemelea. Akajiambia leo nipumzike. Akarudi kitandani.

Usiku ule ule T Coronae Borealis ikaripuka, baada ya miaka 80 ya kimya. Wengine waliiona, yeye hakuiona. Mtu aliyeilinda robo karne alikosa kwa sababu ya koo.

Angekuwa mwingine angevunja darubini. Peltier aliandika baadaye, kwa mzaha uliochanganyika na uchungu, kwamba tangu siku ile urafiki wake na nyota ile ulipoa. Lakini kuitazama hakuacha. Akaendelea kuandika namba yake kama za nyota nyingine zote, na ripoti ya mwezi ule ikaenda kama kawaida.

Namba kwanza, maelezo baadaye

Huenda mtu akauliza: namba hizo zote zilimfaa nani? Jibu lake lilichukua muda kuja.

Peltier alipoanza mwaka 1918, hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwa nini SS Cygni inaripuka. Mwaka 1956 Alfred Joy wa kituo cha Mount Wilson akatangaza kwamba kumbe si nyota moja, ni mbili zinazozungukana kwa kasi ya ajabu, mzunguko mmoja kwa saa 6 na nusu hivi. Moja ni kibete cheupe, nyota iliyokufa, ukubwa wake kama wa dunia yetu lakini uzito wake unakaribia wa jua. Nyingine ni nyota ya kawaida iliyo karibu mno nayo, na gesi yake inavutwa kidogo kidogo kwenda kwa huyu kibete.

Gesi hiyo haianguki moja kwa moja. Inazunguka kwanza na kutandaa mfano wa sinia. Mwaka 1974 Yoji Osaki wa Japani akaeleza kinachofuata, na maelezo yake ndiyo msingi unaokubalika mpaka leo. Mfano wake ni mtaro ulioziba kwa majani. Maji yanaingia polepole, yanajaa, huoni kitu. Yakifika kiasi fulani yanausukuma uchafu na yote yanaporomoka kwa pamoja. Gesi nayo inajikusanya katika sinia mpaka inapata joto la kiasi fulani, kisha inaporomoka kwa wingi kumwelekea kibete, na sinia nzima inawaka. Huo ndio mripuko. Ukiisha, mtaro unaanza kujaa upya.

Nadharia kama hiyo inapimwa kwa nini? Kwa kumbukumbu: lini iliripuka, ilipanda kwa kasi gani, ilikaa siku ngapi, ilinyamaza muda gani. Rekodi ya SS Cygni ni karibu kamili tangu 1896, na imejengwa na watu kama Peltier waliokuwa wakiandika namba kabla hawajajua zitatumika wapi. Kisha mwaka 1977 Marekani ikarusha setilaiti HEAO 1 kupima miale ya eksirei kutoka angani. Wataalamu walitaka kuzikuta nova kibete zikiwa katikati ya mripuko, na wa kuwaambia sasa zimeripuka walikuwa ni watazamaji wa AAVSO. Peltier wakati huo alikuwa na umri wa miaka 77, bado anapeleka ripoti.

Heshima zilimfuata alipo. Mwaka 1934 AAVSO ilimpa tuzo yake ya kwanza ya ustahiki. Harlow Shapley, mkuu wa kituo cha Harvard, alimhesabu kuwa mwanafalaki mkubwa kuliko wote duniani miongoni mwa wasiolipwa. Mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Bowling Green kikampa shahada ya heshima ya udaktari, yeye asiyemaliza sekondari. Na mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Miami kilichopo Ohio kilimpa darubini yake ya inchi 12 pamoja na jengo lake na kuba lake, vikahamishiwa uani kwake Delphos. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha maisha yake, Starlight Nights, na kimewaingiza watu wengi katika kazi hii. Iko sayari ndogo yenye jina lake, 3850 Peltier.

Nimefundisha miaka mingi, na nimewaona vijana wenye akili waliojiona hawana thamani kwa kuwa mlango wa chuo kikuu haukufunguka. Vyeti vina kazi yake, sivibezi. Lakini Peltier anatuonesha aina ya elimu ambayo cheti hakiwezi kuifanya: ile inayotaka mtu awepo. Profesa mwenye akili kuliko wote hawezi kuurudisha usiku wa jana akautazama. Aliyekuwepo jana ndiye mwenye habari.

Kwa familia zilizopo Oman na Ghuba, mambo haya hayako mbali. Deneb na kundi lake huonekana vizuri jioni kuanzia Julai mpaka Novemba, na kwa kiona-mbali kwenye tripodi, mbali na taa za mji, SS Cygni inaweza kunaswa ikiwa imeripuka. Al-Fakka yenyewe, jioni za Mei mpaka Agosti, hupita karibu utosini ukiwa Muscat. Kutoka 1866 mpaka 1946 ni miaka 80. Ongeza 80 nyingine uone tumefika wapi. Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakiivizia tena nyota ile iliyomponyoka Peltier. Ikiripuka, itaonekana bila darubini kwa siku chache tu, kisha itazama.

Basi mchukue mtoto mpande darini, mtafute lile bakuli la masikini, mhesabu nyota zake. Mkikuta hakuna mgeni, andikeni tarehe na saa, kisha andikeni kwamba hakuna. Peltier aliandika hivyo hivyo maelfu ya mara.